Riwaya Ikiendelea kwa Katuni, Wasomaji Hugombania Nini Hasa?

Tuseme kuna kitabu cha katuni kinachoendeleza mfululizo wa riwaya, na nakala ni moja tu. Imeanzia kwa mwanachuo wa Iyunga, jijini Mbeya, ikapita Mwanjelwa, ikakaa wiki mbili Uyole, na sasa imerudi ikiwa na kona zilizokunjwa. Walioisoma ni saba. Wa kwanza anasema mfululizo umekufa. Wa pili anasema hajafurahi hivi tangu juzuu ya kwanza. Wa tatu analalamika kwamba alikianza ndani ya daladala Uyole na kufika Kabwe kikawa kimekaribia kuisha. Wa nne hataki hata kukijadili kwa sababu "yule si yeye", akimaanisha shujaa aliyeishi naye kichwani miaka mitano. Watatu waliobaki wanabadili upande kila anayesema akimaliza.

Wote wanasema kweli, na ndiyo maana mjadala haufiki popote. Kila mmoja anajibu swali lake. Wa kwanza anajibu nani ana haki ya kuendeleza hadithi, wa tatu anajibu kuhusu urefu, wa nne kuhusu uso. Hakuna kati yao aliyekwisha kugusa kama hadithi yenyewe ni nzuri au mbaya.

Kitabu tunachozungumzia ni cha aina hii: mfululizo wa fantasia ya giza uliozoeleka kwa maneno matupu, kisha mwendelezo wake unatoka kwa picha. Fantasia ya giza ina uchawi, majini na falme za kubuni kama fantasia nyingine, ila humo wema haumkingi mtu, na ushindi hulipiwa kwa kitu kinachouma. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuiona ngeni. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952, ina jini Huria, ina ndugu wawili waliogeuzwa manyani, na ina mtu mwema anayelazimika kuwachapa kila usiku huku moyo unamuuma. Tutarudi kwa Adili baadaye, maana ni kipimo kizuri.

Kigeni kidogo ni kuona mambo hayo yamechorwa. Katuni tulizokulia nazo zilikuwa za kuchekesha na kusema watu: Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, Kingo wa James Gayo, Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani. Kwa hiyo sehemu ya maoni unayosikia, hasa ya wazazi, ni mshtuko tu wa kukuta maiti mahali walipozoea kukuta utani. Mshtuko huo una maana moja ya vitendo: angalia alama ya umri nyuma ya jalada kabla kitabu hakijaachwa mezani kwa mtoto wa darasa la nne. Zaidi ya hapo haukuambii lolote kuhusu ubora.

Mwendelezo wa namna gani?

Neno "mwendelezo" limebebeshwa mengi. Kuna kitabu kinachoanzia pale riwaya ya mwisho ilipoishia. Kuna kinachorudi nyuma, shujaa akiwa bado kijana. Kuna cha pembeni, kinachomfuata mtu aliyekuwa wa kupita tu kwenye riwaya. Na kuna ambacho si mwendelezo kabisa, ni riwaya ile ile imechorwa. Majalada hayasaidii, yote yana jina la mfululizo kwa herufi kubwa na upanga. Aliyesubiri kujua nani amekalia kiti cha enzi, akapewa utoto wa mfalme, atasema hakuna jipya humu. Hajakosea, ila kosa ni la aliyemwazima bila kumwambia. Aya ya nyuma ya jalada na ukurasa wa mwanzo wenye mwaka na majina ya waliotengeneza vinatosha kujua umeshika kipi. Tazama pia namba ya juzuu. Maoni makali sana huwa ya watu walioanzia juzuu ya pili.

"Kifupi" ni lalamiko la hesabu

Toleo la katuni la kila mwezi la Marekani huwa na kurasa 20 hadi 22 za hadithi. Matoleo matano au sita hukusanywa kuwa kitabu kimoja, yaani kurasa 100 hadi 130 hivi. Albamu ya Ufaransa au Ubelgiji kwa desturi ni kurasa 48 za umbo kubwa. Upande wa maneno, kanuni moja ya zamani ya wahariri wa Marekani ilitaka yasizidi 210 kwa ukurasa: fremu sita, yaani picha sita zenye mipaka yake, maneno 35 kila fremu. Zidisha 210 kwa 130 upate 27,300, na huo ni ukomo wa juu, kwa sababu ukurasa wa vita unaweza kuwa na kelele tatu tu. Riwaya nyingi za fantasia zinafika maneno laki moja na kuzidi.

Kwa hiyo kitabu kizima cha picha kinabeba maneno yasiyofika theluthi moja ya riwaya, na hesabu hii ina lengo moja: anayesema "kimepwaya" kwa kulinganisha na riwaya amepima maziwa kwa futi. Msomaji wa daladala alisoma viputo peke yake, yale mapovu yenye maneno ya wahusika. Ukurasa wa kimya, wenye mtu mmoja amesimama ukingoni mwa ziwa, aliupa sekunde mbili, wakati mchoraji aliuweka ili usimame naye.

Lakini lipo lalamiko la haraka lililo halali, nalo linatambulika kwa kuhesabu fremu. Tafuta tukio kubwa kuliko yote kitabuni, uone limepewa nafasi kiasi gani. Kifo cha mtu aliyekaa kwenye riwaya nne kikimalizwa kwa fremu moja ya chini pembeni, hapo mwandishi kakurupuka, na msomaji aliyekasirika ana haki. Tazama pia tukio limewekwa upande gani. Kwenye kitabu kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, jambo la kushtua huwekwa mwanzo wa ukurasa wa kushoto, ili lionekane baada ya kufunua karatasi. Likiwekwa ukurasa wa kulia, jicho hulinasa kabla hujamaliza ukurasa wa kushoto. Wakati mwingine kosa hili si la mwandishi: tangazo au ukurasa mweupe ulioongezwa wakati wa kuchapa upya husogeza kurasa zote kwa moja, na kila mshtuko unaangukia upande usio wake. Basi kitabu kile kile, chapa mbili, maoni mawili.

Picha inachukua nini

Mchukue Adili. Kwenye maneno, tunaambiwa alikuwa akiwachapa manyani wale usiku, na sentensi hiyo tunaipita kwa mwendo wetu wenyewe. Tukiona aibu, jicho linakimbilia aya inayofuata. Sasa mpe mchoraji kazi hiyo. Lazima aamue. Nyani awe na uso wa mnyama mtupu, au macho yabaki ya ndugu? Mjeledi uonekane hewani, au mgongoni? Adili tumwone machozi, au tumwone kivuli ukutani? Kila jibu ni hadithi nyingine. Macho yakibaki ya binadamu, msomaji anaijua siri kabla mfalme Rai hajaijua, na nusu ya utamu umevuja kwenye fremu moja.

Mchoraji mjuzi ana silaha ya kujiokoa, nayo ni mwanya, ule uwazi kati ya fremu na fremu. Fremu moja mkono umenyanyuliwa, fremu inayofuata taa imezimika. Pigo limetokea mwanyani, kichwani mwa msomaji, na kila mtu amelipiga kwa nguvu zake. Ndiyo maana utasikia mtu akilalamika kitabu kimezidisha ukatili na jirani yake akisema kimelainishwa, wote kuhusu ukurasa mmoja. Kuwaamua ni rahisi: hesabu mapigo yanayoonekana ndani ya fremu na yale yaliyoachwa mwanyani. Kitabu kinachoonyesha kila kitu kwa kurasa mia humfanya msomaji azoee, na akishazoea giza limekwisha. Hilo ndilo kosa linaloharibu zaidi vitabu vya aina hii, na wasomaji hulisema vibaya. Husema "kilichosha" wakati walitaka kusema waliacha kuogopa.

Kingine kinachopotea ni mawazo. Riwaya nyingi za giza husimuliwa na shujaa mwenyewe. Anaua, halafu ukurasa mzima anajilaumu. Kwenye picha, majuto hayo yanahitaji kisanduku cha msimulizi juu ya fremu. Visanduku vikifika vitatu katika fremu moja, ukurasa unageuka riwaya iliyobandikwa picha, na mchoro hauna kazi. Vikiondolewa vyote, shujaa anabaki mtu anayeua kisha anatembea. Ukisikia "wamemgeuza katili", rudi kwenye riwaya usome tena tukio la namna hiyo. Mara nyingi matendo yake hayajabadilika hata kidogo. Zilizoondoka ni sentensi tatu za kujuta.

Halafu uso. Iringa mjini kuna jiwe la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Ukishasikia hivyo tayari umeshalipa sauti, na pengine umeshalipa na umri. Mchoraji hawezi kuchora "linasema" tu. Atalitia mdomo? Kiputo kitoke kwenye ufa? Au aziache herufi bila kiputo, zimetandazwa juu ya mwamba wenyewe? Mdomo ungechekesha. Herufi zisizo na kiputo zingetisha, kwa sababu jicho halijui sauti imetoka wapi. Kwa viumbe wa giza, waandika viputo wengi hutumia kiputo cheusi chenye herufi nyeupe au kingo zilizochanika, na ukikuta kitabu ambacho jini na mwanakijiji wanasema kwa viputo vya namna moja, ujue hapo kuna mtu amelipua kazi.

Msomaji wetu wa nne, mwenye "yule si yeye", anahuzunikia picha yake mwenyewe, na huzuni hiyo haimsaidii mtu mwingine kuamua asome au asisome. Isipokuwa kama mchoro unapingana na maandishi. Riwaya ikisema kovu liko shavu la kushoto na katuni ikaliweka kulia, hilo ni kosa la kazi, linaonyeshwa kwa kidole na ukurasa wake.

Kwa upande mwingine picha inatoa kitu ambacho wengi hawakitarajii: uhuru unaoweza kuharibu. Mfululizo wa televisheni wa Buffy the Vampire Slayer uliisha 2003, kisha kuanzia 2007 hadi 2011 ukaendelea kwa katuni, matoleo 40. Televisheni ililazimika kuhesabu gharama za kila zimwi. Kwenye karatasi, zimwi na kiti vinatumia wino ule ule. Hadithi ikapanuka, majeshi, nchi za mbali, viumbe wa ukubwa wa jengo, na baadhi ya mashabiki wakaona wamepoteza kile kikundi kidogo cha marafiki walichokipenda. Mwendelezo wa katuni ukikushinda kwa sababu "kila kitu kimekuwa kikubwa", chanzo mara nyingi ndicho hicho.

Mkono wa nani?

Fundo hili ndilo linalotoa maneno makali zaidi, na mfano wake ulio wazi unatoka Japani. Kentaro Miura alianza Berserk mwaka 1989, akaichora kwa mistari mingi mno kiasi kwamba sura moja ingeweza kusubiriwa miezi. Alifariki tarehe 6 Mei 2021, hadithi haijaisha. Juni 2022 ikaendelea: wachoraji ni wasaidizi wake wa Studio Gaga, msimamizi ni rafiki yake Kouji Mori, mchora katuni pia, ambaye miaka mingi nyuma alisimuliwa na Miura hadithi ingekwendaje. Mori alieleza kwamba ataandika yale tu aliyoambiwa, bila kujazia mapengo kwa mambo yake.

Ahadi hiyo ina gharama. Mtu akikusimulia hadithi anakupa matukio, hakupi ule mwendo wa polepole kati ya tukio na tukio. Hivyo anayesema sura mpya zinakwenda kasi na viputo vimepungua uzito anaeleza matokeo ya uamuzi huo, na anayesema bora kujua mwisho kuliko kuachwa njiani anaunga mkono uamuzi huo huo. Mchoro mmoja mmoja si wa kuwatofautisha hao wawili. Wanatofautiana kuhusu kazi ya mtu aliyekufa, mjadala ambao hata kwetu, kwenye tungo na nyimbo, haujaisha.

Pale mwandishi wa riwaya yu hai, soma majina kwa makini. "Hadithi ya" fulani na "imeandikwa na" mwingine maana yake mwenye mfululizo alitoa muhtasari na mtu mwingine akaandika maneno ya kila fremu. Ukiona mazungumzo hayana ladha ile ya riwaya, jibu huenda liko hapo. Pia angalia kama mchoraji amebadilika katikati. Matoleo ya kila mwezi yana tarehe za kufikisha kazi, na mchoraji akichelewa huletwa mwingine kwa toleo moja au mawili. Msomaji wa kitabu kilichokusanywa hukutana na mabadiliko hayo ghafla, ukurasa 67 mtu ana pua nyingine.

Nakala uliyoshika

Nusu ya ugomvi wa kikundi kama kile cha wasomaji saba ungeweza kuishia hapa, kwa kuuliza kila mtu alisoma nini hasa, karatasi au simu, na kwa lugha gani.

Katuni za Kijapani zilizotafsiriwa mara nyingi hubakizwa mpangilio wake: unaanzia upande tunaouita nyuma ya kitabu, fremu kutoka kulia kwenda kushoto, na viputo ndani ya fremu vivyo hivyo. Anayesahau kwenye viputo peke yake hupata jibu kabla ya swali, kisha anasema mazungumzo hayaeleweki. Kwenye simu, mchoro unaochukua kurasa mbili zinazotazamana hukatwa katikati, na joka linageuka kuwa mkia kwanza, kichwa baadaye. Laza simu. Zima ule mwanga wa njano wa usiku, kwa sababu buluu ya usiku uliochorwa hugeuka kijivu chafu na vivuli vyote vinaungana. Kitabu cha giza kisomwe mwanga wa simu ukiwa juu kidogo ya kawaida yako.

Karatasi nayo ina yake. Ukurasa wa rangi ukipigwa kopi nyeusi steshenari, nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea hutoka kijivu kimoja. Damu juu ya vazi la kijani inatoweka, na msomaji anajiuliza kwa nini watu wanapiga kelele. Ukilazimika, chagua ukurasa mweusi kuliko yote, ujaribu huo kwanza, na upandishe mwanga kidogo kidogo mpaka mistari iliyo ndani ya weusi ionekane, ndipo uendelee. Ukubwa pia: ukurasa wa Marekani ni kama sentimita 17 kwa 26, ukiubana kwenye A5 unapungua hadi asilimia 80 hivi na herufi za viputo zinaumiza macho. Kitabu cha Kijapani, sentimita 13 kwa 18, kinaingia A5 bila kubanwa. (Kudurufu kitabu kizima cha mtu bila ruhusa ni kuvunja hakimiliki. Hapa ni kurasa za kujadiliana, au katuni ambayo mwenyewe ameitoa bure.)

Tafsiri ndiyo inayodhulumu zaidi, na Kiswahili kina shida yake ya pekee. Sentensi ya Kiingereza ya maneno matano kwetu huwa neno moja: sitakusamehe. Ni fupi, lakini halikatiki. Viputo vya Kijapani ni virefu na vyembamba kwa sababu maandishi yao husimama wima, na neno kama "wataniangamiza" haliingii humo kwa upana. Anayetafsiri ana njia tatu. Apunguze herufi mpaka zisisomeke, akate neno kwa silabi, au abadili sentensi. Ya tatu ndiyo bora: "wataniangamiza" ikawa "wataniua" au "nitakwisha", kutegemea nani anasema. Akikata, akate kwenye mpaka wa silabi, wata-niangamiza, kamwe asikate katikati ya ng' au ny. Msomaji anayelalamika kwamba majini "yanaongea kama barua ya ofisini" amesoma tafsiri ya mashine, na maoni yake kuhusu mwandishi hayafai kuhesabiwa mpaka apate nakala nyingine.

Kuchuja na kuandika maoni

Kati ya maoni kumi, yape uzito yale yanayotaja ukurasa. "Mchoro mbovu" haisaidii. "Ukurasa wa 40, fremu ya tatu, sikujua nani kamchoma nani mpaka nilipoona rangi ya joho" inasaidia sana, kwa sababu unaweza kufungua ukaona, ukakubali au ukakataa. Angalia pia kama aliyesema alisoma riwaya. Asiyesoma akichanganyikiwa na majina, hajakosea, amekuonyesha kwamba kitabu hakisimami peke yake. Aliyesoma akichanganyikiwa, hapo tatizo ni la kitabu. Na sifa tupu zipimwe kama lawama tupu. Shabiki aliyengoja miaka sita hufurahia kuona jalada tu, mrudie baada ya mwezi.

Kwa kikundi chenye nakala moja, karatasi moja nyuma ya jalada inatosha. Kila msomaji aandike mistari minne: riwaya zipi za mfululizo amesoma, amesomea karatasi au simu na kwa lugha gani, ukurasa uliomkaa, ukurasa uliomkera na kwa nini. Asome kwanza mara moja bila kusimama, kisha arudie kurasa zisizo na maneno kabla ya kuandika. Anayezijua riwaya apewe nakala mwishoni, maana akianza yeye atawasimulia wengine njiani. Yanayofichua nani anakufa yaandikwe upande wa pili, karatasi ikunjwe, na ibanwe kwa pini.